Mfumuko wa bei huanzia shambani na bandarini, tiba hutafutwa Nairobi

KILA mara uchumi wa Kenya unapoyumba, macho ya wengi huelekezwa kwenye majengo mawili jijini Nairobi. La kwanza ni la Benki Kuu, katika barabara ya Haile Selassie, ambako riba ya msingi huamuliwa. La pili ni la Wizara ya Fedha, katika barabara ya Harambee, ambako kodi hubuniwa na mikopo ya serikali hupangwa. Kutoka jengo moja hadi jingine ni mwendo mfupi wa miguu.

Wachache mno hutazama upande wa Bukura, kituo cha biashara kilicho magharibi mwa mji wa Kakamega, kinachojulikana zaidi kwa chuo chake cha kilimo. Ilhali utafiti wa mmoja wa wanauchumi mashuhuri nchini, ambaye amewahi kukalia kiti cha juu kabisa katika majengo hayo yote mawili, unaonyesha kwamba mfumuko wa bei nchini Kenya hutokana kwa kiasi kikubwa na mambo mawili: thamani ya shilingi dhidi ya sarafu za kigeni, na upungufu wa mahindi.

Mwanauchumi huyo ni Prof Njuguna Ndung'u. Alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia Machi 2007 hadi Machi 2015. Baadaye akawa Waziri wa Fedha kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024, Rais William Ruto alipovunja Baraza la Mawaziri. Kwa hivyo amewahi kushika usukani wa sera ya fedha, yaani riba na wingi wa pesa, na pia ule wa sera ya bajeti, yaani kodi, matumizi na madeni ya serikali. Ni nadra mtu mmoja kupewa nafasi zote mbili. Ni nadra zaidi kupewa zote mbili nchi ikiwa katika misukosuko.

Historia hiyo inazua swali ambalo halihusu mtu mmoja tu. Ikiwa chanzo cha mfumuko wa bei kimejulikana kwa zaidi ya miaka 20, mbona kila msukosuko unapozuka serikali hukimbilia riba na kodi kwanza, na shamba likakumbukwa mwisho?

Utafiti wasemaje

Prof Ndung'u alipata shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Uswidi, ambako mada yake ilikuwa mwenendo wa mfumuko wa bei nchini Kenya. Mnamo 2001, yeye na mwenzake Dick Durevall wa chuo hicho walichapisha katika jarida la Journal of African Economies utafiti uliopima jinsi bei zilivyobadilika humu nchini kuanzia 1974 hadi 1996.

Matokeo yao yaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Kwanza, katika kipindi kirefu bei nchini Kenya hufuata thamani ya shilingi, bei za bidhaa katika nchi za nje, na uwiano kati ya bei za vitu ambavyo Kenya huuza ng'ambo na vile inavyoagiza. Pili, wingi wa pesa na viwango vya riba vina nguvu katika kipindi kifupi pekee. Tatu, upungufu wa chakula, uliopimwa kwa kupanda kwa bei ya mahindi, huusukuma mfumuko juu. Nne, hadi 1993 takriban asilimia 40 ya mfumuko wa bei wa robo moja ya mwaka ilikuwa ikihamia robo iliyofuata, kana kwamba wauzaji na wanunuzi walikuwa wamezoea kutarajia kwamba kesho kutakuwa ghali kuliko leo. Baada ya mwaka huo, mazoea hayo yalipungua sana.

Si vigumu kuona sababu ya mahindi kuwa na uzito huo. Chakula huchukua takriban theluthi moja ya kapu la bidhaa ambalo hutumiwa kupima gharama ya maisha nchini Kenya, na kwa familia maskini sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Unga ukipanda, mshahara wa kibarua hautoshi. Nauli, karo na ujira hufuata nyayo.

Kwa mkulima mdogo wa Bukura, mambo haya mawili, dola na mahindi, hukutana katika ekari moja. Mbolea anayotia shambani mwezi Machi imepitia bandari ya Mombasa na kulipiwa kwa dola. Mahindi anayovuna kati ya Julai na Septemba huyauza upesi ili kulipa karo na madeni, bei ikiwa chini kwa sababu kila jirani anauza. Kufikia Aprili au Mei mwaka unaofuata, ghala lake likiwa tupu, yeye mwenyewe hununua mahindi sokoni kwa bei ya juu. Hivyo ni muuzaji bei ikiwa duni na mnunuzi bei ikiwa kali. Miwa, ambayo ilikuwa tegemeo la pesa katika ukanda huo wa Kakamega, ilipoteza nguvu yake kiwanda cha Mumias kilipozama katika madeni hadi kikawekwa chini ya mrasimu Septemba 2019.

Funzo la 1993

Msukosuko wa kwanza wa kuzingatiwa ni ule uliofuata uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Ulitokana waziwazi na siasa kuingia katika hazina. Pesa zilimwagwa kwenye kampeni kwa wingi usio wa kawaida, hata noti ya Sh500 ikapewa jina la utani "Jirongo", kutokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la vijana la kupigia debe chama tawala cha Kanu. Wakati uo huo, mabilioni ya pesa za umma yalilipwa katika kashfa ya Goldenberg kwa kisingizio cha kuuza dhahabu na almasi ng'ambo, huku wafadhili wakiwa wamesitisha misaada tangu Novemba 1991.

Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban Sh36 mwishoni mwa 1992 ilifika karibu Sh68 mwishoni mwa 1993. Mfumuko wa bei ulifikia wastani wa asilimia 46 mwaka huo. Ili kuzinyonya pesa zilizokuwa zimefurika mikononi mwa watu, Benki Kuu iliuza hawala za hazina kwa riba iliyopita asilimia 70. Micah Cheserem, aliyekuwa Gavana mpya tangu Julai 1993, alifanikiwa kuutuliza mfumuko huo.

Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa na gharama yake. Serikali ilibaki na deni la ndani lililokuwa likijizidisha kwa riba hizo kali, na benki zikajifunza kwamba kuikopesha serikali kuna faida kubwa na hatari ndogo kuliko kumkopesha mkulima au mwenye duka.

Ili kuepusha yaliyotokea yasijirudie, sheria ya Benki Kuu ilifanyiwa marekebisho mnamo 1996 ili kuipa uhuru zaidi wa kusimamia sera ya fedha, na kiasi ambacho serikali inaweza kukopa moja kwa moja kutoka benki hiyo kikafungwa katika asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ikasisitiza kwamba benki hiyo haitapokea maagizo ya mtu au mamlaka yoyote. Kisheria, mlango wa kuchapisha pesa kiholela ulikuwa umefungwa.

Mlango wa pili, ule wa kilimo, ulikuwa ukifungwa pia, lakini kwa namna nyingine. Masharti ya kubana matumizi yaliyoambatana na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipunguza ajira serikalini. Vijana waliohitimu katika vyuo kama cha Bukura, ambao hapo awali walitarajia kuajiriwa na Wizara ya Kilimo kuwa maafisa wa nyanjani, walijikuta wakitafuta kazi kwingineko. Afisa wa kilimo aliyekuwa akipita kijijini kwa baiskeli au pikipiki akiwafunza watu kuhusu mbegu, nafasi za kupandia na wadudu alianza kuonekana kwa nadra. Kilimo kilipohamishiwa serikali za kaunti mnamo 2013, pengo hilo lilikuwa tayari limetanuka.

Katika vitabu vya hesabu vya Nairobi, hatua hiyo ilikuwa akiba. Kwa kipimo cha utafiti wa 2001, ilikuwa ni kudhoofisha nguzo mojawapo inayozuia bei kupanda.

Mkono wa riba 2008 hadi 2011

Prof Ndung'u aliingia Benki Kuu Machi 2007, uchumi ukiwa katika kasi nzuri. Mwaka huo ulikua kwa karibu asilimia 7. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa, pamoja na ukame na msukosuko wa kifedha ulioanzia Marekani, ziliuporomosha ukuaji huo hadi chini ya asilimia 2 mnamo 2008.

Safari hii majengo mawili ya Nairobi yalivuta upande mmoja. Benki Kuu ilipunguza riba ya msingi hatua kwa hatua kutoka asilimia 9 mwaka wa 2008 hadi asilimia 5.75 Januari 2011. Wizara ya Fedha, ikiongozwa na Uhuru Kenyatta, nayo ilitangaza katika bajeti ya Juni 2009 mpango wa kuchochea uchumi wa Sh22 bilioni. Pesa hizo zilielekezwa katika maeneo bunge: masoko, vituo vya afya, shule, na mabwawa ya samaki 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Magharibi mwa nchi, ambako maji hayakosekani, mabwawa hayo yalichimbwa kwa wingi.

Kwa mtazamo wa kitaaluma, mpango huo ulikuwa wa haki. Nchi inapodorora, serikali hutumia zaidi na riba hushushwa ili pesa zizunguke. Marekani na Uingereza zilifanya hivyo hivyo, tena kwa ukubwa zaidi. Tofauti ni kwamba mataifa hayo hukopa kwa sarafu yao wenyewe. Kenya ikilegeza riba kupita kiasi, wenye pesa huziuza shilingi na kununua dola.

Hayo ndiyo yaliyotokea 2011. Ukame mkali uliikumba Pembe ya Afrika, bei ya mafuta ikapanda duniani, na shilingi ikaanza kuteleza. Dola, fedha za kigeni na mahindi, yaani mambo yale yale yaliyotajwa katika utafiti wa muongo mmoja nyuma, yalishambulia kwa pamoja. Hata hivyo, riba ya msingi ilikuwa ingali asilimia 6.25 katikati ya mwaka. Oktoba 2011 dola moja ilifika Sh107. Mwezi uliofuata mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20.

Benki Kuu ilikaza breki ghafla. Riba ilipandishwa kutoka asilimia 7 hadi 11 mwezi Oktoba, ikaenda asilimia 16.5 Novemba na asilimia 18 Desemba. Wastani wa riba ambayo benki ziliwatoza wateja ulipita asilimia 20 mwaka wa 2012. Baadhi ya wabunge walimtaka Gavana ajiuzulu.

Wapo wanaosema kwamba kukawia huko kulikuwa kosa la Benki Kuu. Wapo wanaomtetea Prof Ndung'u wakisema kwamba bei zilizokuwa zikipanda zilikuwa za chakula na mafuta, na hakuna riba inayoweza kuleta mvua. Ukweli ni kwamba utafiti wake mwenyewe unazipa pande zote mbili hoja. Riba haiivishi mahindi, lakini shilingi ikianguka bei zote huifuata, na riba ni mojawapo ya silaha chache za kuikinga shilingi katika kipindi kifupi. Kufikia Novemba 2012 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 3. Breki ilisaidia, mvua pia ilinyesha.

Uganda ilipitia hali iyo hiyo, tena mbaya zaidi. Mfumuko wake ulifika asilimia 30 Oktoba 2011 na riba ya Benki Kuu yake ikapandishwa hadi asilimia 23. Huko, serikali ilikuwa imetumia mamia ya mamilioni ya dola kununua ndege za kivita kutoka Urusi, katika kipindi kilichokuwa pia na uchaguzi wa Februari mwaka huo. Gavana aliachiwa kuufunga mlango ambao bajeti ilikuwa imeuacha wazi.

Upande wa pili wa meza

Mshtuko wa 2020 ulikuwa wa aina nyingine, kwa kuwa uliletwa na ugonjwa. Benki Kuu chini ya Dkt Patrick Njoroge ilishusha riba hadi asilimia 7 na kuziachia benki Sh35.2 bilioni zilizokuwa akiba ya lazima. Serikali ilipunguza ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 na kuwaondolea kodi ya mapato waliopata hadi Sh24,000 kwa mwezi. Ada ya kutuma pesa hadi Sh1,000 kwa simu iliondolewa hadi mwisho wa mwaka. Kwa kijiji kama cha Bukura, ambako wengi hawana hati ya mshahara, hatua hii ya mwisho ndiyo iliyogusa mfuko moja kwa moja. Ushuru wa VAT ulirudishwa hadi asilimia 16 Januari 2021. Deni lilibaki.

Hilo ndilo deni alilolikuta Prof Ndung'u alipoingia Wizara ya Fedha Oktoba 2022. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6 mwezi huo. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeisukuma bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kupita Sh6,000. Riba ilikuwa imepanda Marekani, na dola zikawa adimu Nairobi. Aprili 2023 mishahara ya baadhi ya watumishi wa umma ilicheleweshwa kwa sababu madeni yaliyokuwa yameiva yalilipwa kwanza. Deni la umma lilipita Sh10 trilioni mwaka huo. Juu ya yote, deni la Eurobond la dola bilioni 2 lilitarajiwa kulipwa Juni 2024, na wawekezaji walikuwa wakijiuliza kama Kenya ingefuata mkondo wa Zambia na Ghana, zilizoshindwa kulipa.

Jibu la serikali lilikuwa kukaza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Benki Kuu, chini ya Dkt Kamau Thugge aliyeingia Juni 2023, ilipandisha riba kutoka asilimia 9.5 hadi asilimia 13 kufikia Februari 2024. Wizara ya Fedha kupitia Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa VAT kwa mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuanzisha tozo ya nyumba. Septemba 2023 lita ya petroli ilipita Sh200 jijini Nairobi. Januari 2024 dola ilifika Sh160.

Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10 ili kulipa sehemu kubwa ya Eurobond kabla ya muda. Mwezi huo huo, bondi ya miundomsingi iliwalipa wawekezaji zaidi ya asilimia 18 bila kutozwa kodi. Shilingi iligeuka na kupata nguvu hadi karibu Sh130. Kufikia Oktoba 2024 mfumuko ulikuwa asilimia 2.7.

Kwa kipimo cha vitabu, huo ulikuwa ushindi, na kwa hakika ulithibitisha utafiti wa 2001: shilingi ilipotulia na mavuno ya mahindi yalipokuwa mazuri, bei zilitulia. Kushindwa kulipa deni kungeleta mateso makubwa zaidi, kama walivyoshuhudia Waghana, na sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa imekopwa kabla Prof Ndung'u hajaingia wizarani. Haki inadai hayo yasemwe.

Lakini mfumuko ukishuka haimaanishi kwamba bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba zinapanda polepole zaidi kutoka pale zilipokwisha kufika. Na riba ya kulipia madeni ilikuwa ikimeza takriban theluthi moja ya mapato ya kawaida ya serikali. Ndipo Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kuongeza mapato kwa Sh346 bilioni, ulipoletwa kwa watu ambao tayari walikuwa wamebanwa na riba, mafuta na tozo. Vijana walijaa mitaani katika miji mingi, Kakamega ukiwemo. Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Siku iliyofuata Rais Ruto aliukataa mswada huo. Majuma mawili baadaye mawaziri walifutwa kazi, Prof Ndung'u akiwa miongoni mwao.

Utafiti wa mfumuko wa bei haukuwa na safu ya kupima ustahimilivu wa wananchi. Kikomo cha sera ya bajeti katika mwaka huo hakikuwekwa na Bunge wala na wakopeshaji. Kiliwekwa mitaani.

Mzigo wafika wapi

Kuna sababu nzuri ya kuyatazama haya yote kutoka Bukura. Mkulima mdogo huko hana bondi ya serikali, kwa hivyo riba ya asilimia 18 haimnufaishi. Mkopo wake hutoka katika chama, Sacco au simu, na huwa wa kwanza kunyimwa benki inapoona kwamba serikali inalipa vizuri. Serikali ilijaribu kulitatua hilo kwa amri: kuanzia Septemba 2016 riba za benki zilifungwa zisizidi pointi 4 juu ya riba ya msingi. Matokeo yalikuwa kwamba benki ziliwaepuka wakopaji wadogo, na sheria hiyo ikaondolewa Novemba 2019.

Dola ikipanda, yeye hulipa. Kwa mfano tu, mbolea inayogharimu dola 30 bandarini ingekuwa Sh3,390 dola ikiwa Sh113, kama ilivyokuwa Januari 2022. Dola ikiwa Sh160, mbolea iyo hiyo ni Sh4,800 hata kama bei ya dunia haijasogea. Ushuru wa mafuta ukipanda, hulipa tena: katika usafiri wa mbolea, katika kulima kwa trekta, katika kinu cha kusagia mahindi. Akipunguza mbolea kwa sababu hizo, mavuno hupungua, na upungufu huo ndio unaorudi mjini mwaka unaofuata kama mfumuko wa bei. Hapo Benki Kuu hupandisha riba, na mzunguko unaanza upya.

Hatua moja iliyojaribu kuukata mzunguko huo ni ruzuku ya mbolea. Septemba 2022 bei ya mfuko ilishushwa hadi Sh3,500, na 2023 ikawa Sh2,500. Ni muhimu kuilinganisha na ruzuku ya unga iliyotolewa Mei 2017, pakiti ya kilo 2 ilipouzwa Sh90, na tena Julai 2022 ilipouzwa Sh100. Ruzuku zote mbili za unga zilikuja muda mfupi kabla ya uchaguzi. Zilimpa mlaji afueni ya muda, zikaisha bila kuacha gunia moja la ziada shambani. Ruzuku ya mbolea, kwa upande wake, huongeza mahindi yenyewe, na kwa hivyo inalenga chanzo badala ya dalili.

Hata hivyo, ruzuku pekee haitoshi. Msimu wa kupanda wa 2024 ulibainisha kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huo haikuwa na ubora uliotakiwa. Mkulima aliyedanganywa mwezi Machi hawezi kulipwa fidia na mvua ya mwezi Juni, maana msimu umekwisha kumpita. Aidha, mbolea bila ushauri wa kitaalamu, katika udongo ambao haujapimwa, huweza kuwa pesa zilizofukiwa ardhini. Hapo ndipo kukosekana kwa maafisa wa nyanjani, wale ambao chuo cha Bukura huwafunza, hugeuka kuwa suala la Benki Kuu hata kama Benki Kuu haina mamlaka ya kuwaajiri.

Mnamo Julai 2003 viongozi wa Afrika walikutana Maputo na kuahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Kenya ilitia saini, na haikuzoea kuitimiza ahadi hiyo. Pesa zinapopungua, kilimo huwa miongoni mwa idara za kwanza kupunguziwa, kwani ng'ombe asiye na pembe ndiye husukumwa kando penye hori. Riba ya madeni haiwezi kuahirishwa. Mshahara ukiahirishwa huleta mgomo. Mafunzo ya mkulima yakiahirishwa hakuna anayepiga kelele hadi unga upande.

Si kwamba riba na kodi hazina maana. Mwaka wa 1993 bila riba kali shilingi ingezama zaidi, na 2024 bila kulipa Eurobond nchi ingekuwa katika hali nyingine. Kosa limekuwa kuzitegemea kana kwamba ndizo tiba, ilhali zaweza tu kununua muda. Muda ulionunuliwa 2012 ulipita bila Kenya kujitosheleza kwa mahindi. Bado hutegemea Uganda na Tanzania kuziba pengo.

Katiba imepanga uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, na historia ya 1992, 2017 na 2022 inafundisha kwamba mwaka wa kura huja na vishawishi vyake. Wanaotaka kujua kama nchi imejifunza lolote hawana haja ya kungoja kikao cha kamati ya riba wala hotuba ya bajeti mwezi Juni. Watazame mapema zaidi, mwezi Februari, kama mbolea nzuri imefika katika maghala ya Kakamega kabla ya mvua za kwanza, na kama mkulima wa Bukura ana afisa wa kumuuliza ataitiaje.